Gawio 11% huku mtaji unaliwa: hii mifuko ya hatifungani inatupimia kwa mizani gani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mwaka jana niliweka milioni 10 kwenye mfuko mmoja (jina nalihifadhi) unaonunua zaidi hatifungani za makampuni, yaani unayakopesha makampuni kwa riba. Kipande (sehemu moja ya mfuko) nilinunua sh 110. Juzi ikaingia meseji ya pongezi: mfuko umetoa gawio la 11%. Nikafungua taarifa yangu, nikashuka hadi mstari wa chini kabisa, kwenye maandishi madogo: kipande sh 104.

Pigeni hesabu wenyewe. Gawio milioni 1.1, mtaji umepungua karibu laki tano na nusu. Nilichopata ni kama 5.5%. Hiyo 11% wanayoitangaza, nusu yake ni hela yangu mwenyewe wamenirudishia!

Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole, "Lakini kaka, si umeizidi akaunti ya akiba?" Hapo ndipo damu ilinichemka. Hela ya akiba naitoa leo hii na haishuki bei. Kwa nini mnanilinganisha nayo?

Mfuko wa aina hii unapimwa na hatifungani ya serikali ya muda uleule. Kijani, hatifungani ya benki ya CRDB ya 2023, ilikuwa na riba ya 10.25% kwa miaka mitano: iweke pembeni ya serikali ya miaka mitano. Ukiipeleka kwenye ile ya miaka 25 iliyoshushwa kutoka 15.95% hadi 12.56% mwaka 2022, unajidanganya. Kinachozidi riba ya serikali ndiyo malipo yako ya kubeba hatari ya kampuni. Hapo toa ada ya meneja. Kama hakuna kilichobaki, bora uende mwenyewe mnada wa Benki Kuu, zinakouzwa hatifungani za serikali.

Na hatari hiyo ipo kweli. Kenya, Juni 2015, Chase Bank ilikusanya sh bilioni 4.8 za Kenya kwa hatifungani. Aprili 2016 benki ikafungwa milango na kuwekewa msimamizi. Miezi kumi tu! Aliyeangalia riba peke yake aliona uwekezaji mzuri hadi siku hiyo.

Mameneja, tuandikieni gawio pamoja na mabadiliko ya bei ya kipande, baada ya ada, kwa miaka mitatu au mitano, na orodha ya makampuni mliyoyakopesha hela zetu.

Wenye vipande, fungueni taarifa zenu sasa hivi. Mlinunua bei gani, na leo ni bei gani? Wekeni hapa.