Ameisukuma ndoo kwa kiatu mbele ya watu wote

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa bado sijavua koti, kwa sababu nikingoja hadi kesho nitakuwa nimepoa, nami sitaki kupoa. Yule bwana wa vifaru vya kivita, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna hata mmoja wenu ambaye hajawahi kukatizwa naye, jioni hii katika kikao chetu cha historia ya Vita vya Pili vya Dunia ameisukuma ndoo ya choo niliyoileta kwa ncha ya kiatu, mbele ya ukumbi mzima, akasema: "Dada, tumekuja kusikia habari za vita, si habari za vyoo."

Kwa kiatu! Na ndoo yenyewe si yangu. Nimeazimwa na jirani yangu hapa Croydon, kusini mwa London, bibi mzee ambaye mama yake aliitumia mwaka 1940 katika handaki la kujikinga na mabomu, la mabati, lililofukiwa nusu bustanini. Imebanduka rangi mdomoni, na mpini wake umezungushiwa kitambaa ili usiukate mkono. Watu sita walibanana humo usiku kucha, maji ya mvua yakipanda kutoka chini, ndoo ikiwa pembeni nyuma ya gunia lililotundikwa. Alfajiri, king'ora cha kutangaza salama kikishalia, mama yule aliitoa mwenyewe kabla watoto hawajaamka. Nilikuwa nimefika hapohapo katika maelezo yangu kiatu kilipotokea.

Anadhani watu wa viunga vya London walikufa kwa mabomu tu? Croydon ilikuwa imeshazika watu 43 kutokana na mlipuko wa mwaka 1937, kabla ya bomu hata moja kuanguka, kwa homa ya matumbo iliyotoka katika kisima kimoja cha Addington. Mafundi walikuwa wakifanya kazi kisimani, mmoja wao akiwa amebeba vijidudu bila yeye kuumwa, na maji yakaendelea kupelekwa majumbani ilhali klorini imesimamishwa. Sasa fikirini hofu ya wakazi hao hao miaka mitatu baadaye, mabomu yalipokuwa yakipasua bomba la maji safi na bomba la majitaka katika barabara moja. Walioulinda mji ule usiangamie kwa kuhara ni mabwana afya, watia klorini, na wapimaji wa maabara za dharura zilizoanzishwa mwaka 1939. Bwana huyu anaujua unene wa chuma cha kila kifaru cha Ulaya, lakini hajawahi kujiuliza waliomo ndani walikunywa maji gani.

Angeniambia muda umekwisha, ningekaa. Angenisahihisha mwaka, ningemshukuru. Ameisukuma kwa kiatu, ikakwaruza sakafu kwa mlio uliofika hadi Brighton, na watu wazima na heshima zao wakainamia simu zao.

Kibatari: Pole sana, dada. Mimi alinikatiza mwaka jana nikieleza habari za dondakoo, ugonjwa ambao mwaka 1940 uliua zaidi ya watu 2,400 Uingereza na Wales, wengi wao watoto, hadi serikali ikaanzisha kampeni ya chanjo ya bure vita vikiwa vimepamba moto. Akaniuliza kama dondakoo lilikuwa na mizinga. Kwa hiyo foleni ya waliodharauliwa ni ndefu, na mimi nimetangulia.

Pwani Tulivu: Nilikuwa safu ya pili. Yeye amekosa adabu, hilo halina ubishi, lakini nawe ulileta ndoo ya choo katika ukumbi wenye sambusa mezani bila kutuonya. Yangu ilibaki mkononi hadi mwisho wa kikao.

Mwanzisha uzi: Ndoo hiyo nimeisugua kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, na ilikuwa safi kuliko sinia la sambusa. Hata ingekuwa chafu, angetumia mkono. Alitumia kiatu.

Msomaji wa Usiku: Kwa kuwa mmetaja sabuni, nikumbushe kwamba iliwekwa katika mgawo Februari 1942, na watu walihimizwa wasizidishe inchi 5 za maji katika beseni la kuogea. Lakini linaloniudhi mimi ni jingine. Watu hapa hawaachi kuandika kwamba upele wa wakati ule ulienezwa na mablanketi ya mahandakini, ilhali mtafiti Kenneth Mellanby alionyesha mjini Sheffield wakati wa vita, kwa kuwatumia watu waliojitolea baada ya kukataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao, kwamba mablanketi huambukiza kwa nadra sana, na kwamba upele hupita mwili kwa mwili. Nimelieleza hili mpaka vidole vimeota sugu.

Kibatari: Mimi nimekusoma, lakini mablanketi usiyasafishe upesi hivyo. Chawa je?

Msomaji wa Usiku: Chawa si upele. Ugomvi wangu nanyi ni huohuo.

Jirani wa Tottenham: Kila siku Croydon. Wakati wa vita halmashauri ya Tottenham, kaskazini mwa London, ilikusanya makombo ya jikoni, ikayachemsha kuwa chakula cha nguruwe kilichojulikana kwa jina la Tottenham pudding, na makombo yanayochemshwa ni makombo yasiyolisha panya wala inzi vichochoroni. Miaka yote hii hakuna aliyenialika kulieleza hata kwa dakika tano.

Pwani Tulivu: Na mapango ya Chislehurst, kusini mashariki mwa London, mmeyaweka wapi? Watu wapatao 15,000 walikimbilia humo kujikinga na mabomu, wakawa na taa za umeme na hospitali yao chini ya ardhi.

Jirani wa Tottenham: Watu 15,000, sawa. Basi tuelezwe choo chao kilikuwa kipi, na asubuhi nani alikimwaga. Nimeuliza hili tangu mwaka juzi na mnanipita kama nguzo ya taa.

Msomaji wa Usiku: Fungua uzi wako, ndugu. Hapa hatujamaliza mablanketi.