Simu inadai apdeti: nibonyeze au niiache?

Wakala_Msamvu: Wakuu, heshima zenu. Nipo Morogoro, kazi yangu kuwekea watu hela na kuwatolea. Tangu Jumatatu kila nikiwasha simu ya kazi inaniletea kwamba kuna toleo jipya la mfumo, GB 2.1. Jirani yangu alibonyeza mwezi jana, simu ikaganda kwenye logo mpaka leo. Laini ya uwakala imo humu humu. Siku moja bila hii simu, nyumbani hatuli. Ni salama kweli?

Kisiki: Usiguse. Kitu kinafanya kazi, unakichokonoa cha nini? Wanazileta hizo apdeti ili simu iwe nzito ukanunue nyingine. Apple si walikiri wenyewe? Ufaransa wakawapiga faini mabilioni.

DadaChaji: Kisiki, umelishika kwa mkia. Desemba 2017 walikiri kupunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla. Faini ya Ufaransa ni ya 2020, yuro milioni 25, na kosa lilikuwa kutowaambia wateja. Wakala, hifadhi picha na namba zako pembeni, chaji ijae, bonyeza. Wanaoumia ni wenye simu za mtumba zilizokwisha kufunguliwa na mafundi wa vichochoroni.

Fundi_Makorora: Wa vichochoroni ndio sisi? Juzi nimeletewa simu haijawahi kuguswa na bisibisi, nailoni ya kioo bado ipo. Mwenyewe kaisasisha usiku, iko kwenye chaja, chaji asilimia 11. Umeme ukakatika, simu ikazima katikati. Nimeiflashi, yaani nimeipakia mfumo upya, imepona, picha za harusi zimekwenda. Fundi gani hapo kaiharibu?

DadaChaji: Asilimia 11? Simu nyingi zinakataa kuanza chaji ikiwa chini.

Fundi_Makorora: Nimesema ILIKUWA KWENYE CHAJA. Soma dada, usikimbilie kujibu.

Kisiki: Hapo namuunga mkono dada. Mimi nilipeleka simu kwa fundi kubadilisha spika tu. Imerudi spika inaimba, betri niliyoiacha inakaa siku nzima sasa adhuhuri inalia. Nikiuliza naambiwa "hiyo orijino mzee".

Pwani_Tulivu: Fundi akikwambia njoo saa kumi, muulize ya tarehe ngapi.

Fundi_Makorora: Chekeni. Zikifa mnajua duka lilipo.

Ndizi_Kagera: Jamani, mwenzetu anashika hela za watu. Mnakumbuka Stagefright, lile tundu la usalama la Android, 2015? Ujumbe mmoja wa video ungeweza kumpa mtu simu yako. Baada ya hapo ndipo Google wakaanza kutoa viraka vya usalama, yaani apdeti za kuziba matundu, kila mwezi. Wakala, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, tazama tarehe ya kiraka cha mwisho. Kama ni ya mwaka juzi, mlango uko wazi.

Kisiki: Mwizi wa bongo hahangaiki na video. Anakutumia "ile hela itume kwenye namba hii", unatuma mwenyewe. Kiraka kipi kinazuia hiyo?

Pwani_Tulivu: 😂😂 Kisiki leo kaamka na upanga.

Ndizi_Kagera: Kwa hiyo kwa kuwa wanaingia dirishani, mlango tusifunge?

DadaChaji: Na mimi nirekebishe langu: usibonyeze siku ya kwanza. Septemba 2014 Apple walitoa apdeti ya mfumo wa iPhone, iOS 8.0.1, iPhone 6 zikapoteza mtandao, wakaiondoa siku hiyo hiyo. Subiri wiki, watu wa simu kama yako waseme. Fundi, samahani kwa neno vichochoroni.

Fundi_Makorora: Yameisha. Ila Wakala, jua kitu kimoja: simu nyingi ukishapanda hushuki. Ukilazimisha toleo la zamani inakataa, na ukiendelea inakufa kabisa. Kwa hiyo hamishia laini kwenye kitochi kwanza, wateja wahudumiwe, ndipo uichezee hiyo nyingine. Kisiki, lete simu nione hiyo betri. Bure.

Kisiki: Ili irudi bila na kamera?

Wakala_Msamvu: Kitochi kimewaka. Tatizo laini ni ile ndogo kabisa, inacheza kwenye tundu. Nimeibana na kipande cha vocha, imeshika. Tarehe ya kiraka ni ya Machi mwaka juzi, Ndizi umenitia baridi. Sasa hiyo GB 2.1 ni bando langu la wiki nzima. Nikiwashiwa hotspoti na mke wangu, inakula la nani?

Fundi_Makorora: La mke wako. Muombe vizuri.