Video za harusi: HP Z440 ya mtumba au MacBook Air? Niko Lamu

BintiLangoni
Assalaam aleikum. Mimi napiga video za harusi upande wa wanawake tu, hapa mjini, na nikiitwa hufika Shela na Matondoni. Siku ya kupamba mwanamume haingii, na picha zile hazitoki nje. Siwezi kumpa mtu wa studio aniharirie wala kuzipandisha kwenye intaneti. Nahariri mwenyewe chumbani, kisha nampelekea mama wa bibi harusi aangalie na aseme nini kiondolewe.

Laptopu yangu imechoka. Harusi ya mwezi uliopita niliiacha itoe video baada ya Isha. Alfajiri ilikuwa asilimia 60, umeme ukakatika, na betri yake ilishakufa zamani. Nikaanza upya, na mwenye harusi ananipigia simu kila saa.

Muuzaji mmoja wa Mombasa ananipa HP Z440, kompyuta kubwa ya mezani, prosesa yake ni Xeon ya kora 6, ramu gigabaiti 32. Anasema ndiyo kompyuta ya wahandisi, hii nyingine ni ya kuandikia barua. Nikiongeza skrini na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), bei inafika sawa na MacBook Air, laptopu ya Apple yenye chipu ya M1, iliyotumika, ramu gigabaiti 8. Kamera yangu inarekodi H.265, biti 10, 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi. Nishaurini, pesa nimeziweka mwaka mzima.

FundiBandarini
Z440, dada. Inafunguka. Ramu ikiharibika unabadilisha, diski unaongeza. Hiyo Air kila kitu kimechomelewa kwenye bodi, ikifa imekufa.

MzeeWaSava
Binti yangu, Fundi kasema kweli kuhusu kufungua. Lakini hiyo kamera yako ndiyo itakayoamua.

Mimi nilianza kazi kwenye ofisi ya ramani, tukitumia mashine za Sun. Kampuni ile na Silicon Graphics zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikiuzia wahandisi na wachoraji kompyuta za maelfu mengi ya dola. Macintosh ilipotoka 1984 na ramu ya kilobaiti 128, sisi tuliiona mchezo wa watoto. Mwaka 1988 Steve Jobs, akiwa ametoka Apple, alileta NeXT kwa dola 6,500: nguvu ya wekstesheni, yaani kompyuta ya wahandisi, na wepesi wa Macintosh katika sanduku moja jeusi. Wanunuzi walikuwa wachache, ila mmoja wa walioitumia ni Tim Berners-Lee, aliyeandikia humo programu ya kwanza ya wavuti pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Ulaya, mwaka 1990. Apple waliinunua NeXT 1997, na mfumo ulio ndani ya Air unayoitaka unatokana nayo.

Silicon Graphics je? Thamani yao ilikuwa chipu za kuchora picha. Kadi za michezo ya kompyuta zikaja kuifanya kazi ileile kwa bei ya chini, kwa sababu ziliuzwa kwa mamilioni. Kampuni ikafilisika 2006, na tena 2009.

Kazi nzito ilihamia kwenye kipande kidogo cha silikoni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo moja, na hapo ndipo ulipo wewe leo. Xeon ya Z440 haina kipande cha kufungulia video. Kadi za grafiki zinazouzwa nayo ni za zamani, hazijui H.265 ya 4:2:2. Kora zote 6 zitahangaika kufungua kila picha, na ramu 32 haitasaidia hapo. M1 ina sakiti yake ya kazi hiyo. Ungekuwa unachora majengo ya 3D ningekwambia chukua Z440 bila kusita.

Na chumvi! Nimewahi kufungua sanduku lililokaa nyumba ya ufukweni. Feni ilikuwa imevuta hewa ya bahari, kwenye mapezi ya kupozea pameganda vumbi la kijivu kama blanketi lililolowa, skrubu zinabomoka mkononi. Air haina feni. Ubaya wake ni kwamba ikipata joto inapunguza kasi, kwa hiyo usiihariri juu ya godoro. Iinue kidogo, hewa ipite chini.

MamaHarusiMalindi
Mwenzangu, mimi kazi yangu kama yako. Chaja ya Air ni wati 30, hata sola ndogo ya nyumbani inaiweza. Gigabaiti 8 ni chache, sikufichi: funga kila kitu kingine, picha ziweke kwenye SSD ya nje, ile diski ya kasi ya kuchomeka. Na omba kujaribu kwa faili zako, si kwa za muuzaji.

BintiLangoni
Shukrani, mzee wangu na dada zangu. Fundi, usinune. Shemeji ana M1 kama hiyo, jana nimeiazima nikaweka dakika 3 za kupamba kutoka kwenye kadi ya kamera. Nimeburuta mbele na nyuma, haikukwama hata mara moja. Kwenye laptopu yangu mkono wa bibi harusi wenye hina ulikuwa ukiruka ruka, hapa niliona hata ua la kidole cha mwisho. Jumatatu navuka Mokowe kupanda basi la Mombasa, na kadi ya kamera naichukua kwenye pochi.