Mwigizaji akivuka mpaka kwenda kuimba, aimbe kwa lugha ya nani?

Mwanzisha mada, Tanga

Wadau, salaam. Nina mada inayonikera siku nyingi, naomba tuijadili kwa hoja. Mwigizaji ametoka nchi ndogo, lugha ya kwao haizungumzwi popote pengine, kapata nafasi ya kuigiza nje na kuimba nje. Aimbe kwa lugha ya wenyeji wake wapya, au aende na ya kwao?

Msimamo wangu nautanguliza ili mjue pa kunishika. Aigize kwa lugha yoyote atakayopewa, ila akishika maikrofoni aimbe ya kwao. Kwenye filamu maneno kaandika mtu mwingine, nguo kachagua mtu mwingine, hata machozi anaambiwa yatoke saa ngapi. Wimbo ndipo mahali pekee anapoweza kusema "hapa pangu". Akipakodisha na hapo, anabaki na nini?

Nachukua wanawake wawili wa Israeli, kwa sababu wote waliigiza, wote waliimba, wote walitoka nje, na kila mmoja alishika njia yake.

Wa kwanza ni Daliah Lavi. Kazaliwa 1942 kijiji cha Shavei Tzion, pwani ya kaskazini, nchi ikiwa bado Palestina chini ya Mwingereza. Akiwa na miaka 10 hivi, Kirk Douglas, mwigizaji wa Hollywood, alifika pande hizo kupiga filamu, akafahamiana naye, na kwa msaada wake mtoto akapelekwa Stockholm kusomea baleti. Filamu yake ya kwanza ikawa ya Kiswidi, 1955. Baadaye akaenda Italia, Ujerumani, Uingereza, Hollywood. Lugha alikuwa nazo tele. Mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kijijini kusini mwa Italia anayedhaniwa ana pepo, katika Il demonio. Mwaka 1964 akawa chotara wa wenyeji asilia wa Amerika, kwenye filamu ya Kijerumani. Mwaka 1965 binti wa Asia ya Kusini Mashariki katika Lord Jim, pamoja na Peter O'Toole. Mwaka 1967 yumo Casino Royale. Katika hizo zote nne hakuna hata moja alipokuwa msichana wa Shavei Tzion. Simlaumu, ndiyo kazi ya uigizaji. Lakini ilipofika zamu ya kuimba, kuanzia 1970, jina lake likawa kubwa kwa nyimbo za Kijerumani, zile za mapenzi mepesi zinazopigwa redioni Jumapili mchana. Sauti nzuri, nzito, ya kupendeza. Nikiisikiliza siwezi kujua ametoka wapi.

Wa pili ni Ofra Haza. Huyu nitakaa naye zaidi.

Kazaliwa 1957 mtaa wa Hatikva, Tel Aviv, mtaa wa watu wa hali ya chini, wazazi wakiwa Wayahudi waliotoka Yemen. Ndiye kitinda mimba wa watoto tisa. Akiwa na miaka 12 aliingia kikundi cha maigizo cha mtaani kwao, chini ya Bezalel Aloni, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa meneja wake. Yaani alianza kama mwigizaji. Mwaka 1979 akaonekana kwenye filamu iliyomtoa, na humo akaimba wimbo wa msichana anayeitwa "freha". Freha lilikuwa jina la kike la Wayahudi wa Morocco, la shina lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno furaha. Mitaani Israeli lilikuwa limegeuzwa tusi la kuwadharau mabinti wa familia zilizotoka nchi za Kiarabu. Wakati huo muziki wa watu hao redio ilikuwa ikiubania. Ulinunuliwa kwa kaseti kwenye vibanda vya stendi kuu ya mabasi ya Tel Aviv.

Sasa huyu binti, ambaye tayari alikuwa nyota kwa nyimbo za kawaida, mwaka 1984 akarudi nyumbani akarekodi nyimbo za mama yake. Nyingi ni mashairi ya Shalom Shabazi, mshairi wa Yemen wa karne ya 17 aliyeandika kwa Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu cha Kiyahudi. Mmoja ni Im Nin'alu. Maana yake: milango ya wakarimu ikifungwa, milango ya mbinguni haifungwi.

Niliusikia mara ya kwanza nikiwa kwa shangazi yangu Ngamiani. Nilikuwa nimeweka simu juu ya friji, natwanga vitunguu saumu. Shangazi alikuwa anafagia ukumbi. Ngoma ilipoingia akasimama, ufagio mkononi, akasikiliza, akaniambia, "Hilo ni debe hilo. Na ile inayolia kwa juu ni sinia." Nikambishia. Baadaye nikaja kusoma kwamba hakukosea: wanawake wa Kiyahudi wa Yemen walisindikiza nyimbo zao kwa kupiga debe na sinia la shaba, na wapigaji wa Ofra walivitumia hivyo hivyo. Shangazi yangu hajui neno moja la Kiebrania. Alijua vyombo vya jikoni kwake.

Wimbo huo ulifanyiwa marekebisho, ukatiwa midundo ya disko, na 1988 ukashika namba 1 Ujerumani Magharibi na kufika namba 15 Uingereza. Sala ya Yemen, kwa lugha ambayo wachezaji wa disko hawakuielewa. Baadaye aliimba nyingi kwa Kiingereza, na hakuna hata moja iliyofika pale. Hiyo ndiyo hoja yangu. Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Dada, shukrani kwa mada. Naomba kutofautiana nawe, na nina mambo mawili.

Kwanza, usisahau midundo. Im Nin'alu ya 1984 haikutikisa Ulaya. Iliyotikisa ni ile iliyokatwakatwa. Hata kabla yake, 1987, kipande cha sauti yake kilishachomolewa kikatiwa kwenye toleo jipya la wimbo wa wanarap wa Marekani Eric B. na Rakim, Paid in Full. Vijana wa London na New York wakaipenda ile sauti bila kujua ni ya nani. Hapo lugha imekuwa nini? Imekuwa kiungo, kama iliki kwenye chai. Watu hawali iliki. Mtu akiimba Kijerumani kwa Wajerumani, angalau wanamsikia anachosema.

Pili, kuimba kwa lugha ya kwenu si jambo jeupe kama unavyolichora. Mwaka 1983 Ofra Haza alikwenda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya na jirani zake, akaimba "Chai", yaani hai, neno lile lile tulilonalo sisi. Akashika nafasi ya 2 kwa pointi 136, Luxembourg ikimzidi kwa 6 tu. Mashindano yalikuwa Munich, mji ambao 1972 watu 11 wa timu ya Israeli, wanamichezo na makocha, waliuawa wakati wa Olimpiki. Kuimba "watu wa Israeli wangali hai" pale lilikuwa tamko la taifa zima. Tena hakuwa na hiari ya lugha: kuanzia 1977 hadi 1998 sheria iliwataka washiriki waimbe kwa lugha za nchi zao. Sheria ilipoondolewa, uliona. Netta wa Israeli kashinda 2018 kwa Kiingereza na vineno vichache vya Kiebrania. Noa Kirel, ambaye naye ni mwigizaji na mwimbaji, kashika nafasi ya 3 kule Liverpool 2023, wimbo karibu wote Kiingereza. Vijana wakipewa hiari wanachagua soko. Kodi ya nyumba hailipwi kwa urithi wa bibi.

Mwanzisha mada, Tanga

Kaka yangu wa Mombasa, la sheria umenipata. Sikulitaja, na nilipaswa kulitaja. Ila albamu ya 1984 hakuna sheria iliyomlazimisha. Meneja wake na yeye walikuwa na kila sababu ya kuendelea na nyimbo za redioni zilizokuwa zikiuza, naye akaenda kurekodi sala za uani. Huko ndiko ninakozungumzia mimi.

La iliki nalikubali nusu. Limeniuma, kwa sababu ni kweli kwamba dunia ilimchukua koo ikamwacha uso. Mtu aliyeanza kwenye maigizo ya mtaani, huko nje filamu zilimwita aimbe tu nyuma ya picha. Jukumu lake linalojulikana zaidi ni la mama yake Musa katika The Prince of Egypt, 1998, na hiyo ni katuni. Inasimuliwa kwamba Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, alipokutana naye aliuona uso wake mzuri mno, ndipo mhusika akachorwa afanane naye. Kwa hiyo uso wake ulifika Hollywood kwa penseli. Na hapo, kwa taarifa yako, aliimba sehemu yake kwa lugha zaidi ya 10, watazamaji wa nchi nyingi wamsikie kwa lugha zao. Miezi kumi na minne baadaye, Februari 2000, akafariki na miaka 42. Sijui tungemwona wapi angepewa miaka mingine 20.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Mnazungumza lugha, huku Ghuba kinachotangulia ni pasipoti. Lebanon ilipiga marufuku Wonder Woman 2017 kwa sababu ya Gal Gadot, mwigizaji wa Israeli aliyeongoza filamu hiyo. Kuwait ikazuia filamu yake nyingine 2022. Yeye alitumikia jeshi la Israeli, na wakati wa vita vya Gaza vya 2014 aliandika hadharani kuliunga mkono. Mtu aliyepoteza jamaa Gaza hawezi kuambiwa asikilize tu sauti. Mimi binafsi sinunui tiketi ya mtu wa namna hiyo, na sioni haya kusema.

Ila Shabazi ni jambo jingine. Kaburi lake liko Taiz, na Waislamu wa pale walikuwa wakilizuru pamoja na Wayahudi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Myemeni wa Hadhramaut aliyehamia Unguja. Nyimbo za namna ile kwetu si za kigeni. Kama huyo binti alizibeba, kabeba na zetu.

Mwanzisha mada, Tanga

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Sitakuomba ubadilishe hilo la tiketi. Mtu mzima akitamka jambo la vita hadharani, anawajibika kwa tamko lake, awe mwigizaji au waziri. Ninachokataa ni kumhukumu mtu kwa mahali alipozaliwa peke yake, kabla hajafungua mdomo. Na hilo la Taiz limeipa mada yangu nguvu kuliko nilivyoweza mimi: lile shairi halikuwa mali ya serikali yoyote.

Mchangiaji, Hamburg

Habari zenu. Nimesoma kimyakimya mpaka nimeshindwa. Mimi ni mtunza wazee huku, mwaka wa tisa sasa. Dada wa Tanga, umezipita nyimbo za Daliah Lavi haraka sana, ukaziita mapenzi mepesi. Niruhusu nikueleze.

Kwenye wodi yetu tuna mama mmoja aliyesahau majina ya wanawe. Asubuhi anakataa kuoshwa, anapiga kelele, anashika kingo za kitanda. Mwenzangu alinifundisha: washa Oh, wann kommst du, "Lo, utakuja lini". Ni wimbo wa Lavi wa 1970. Ikifika pale anapouliza, yule mama anaachia kitanda, anaanza kuimba, neno kwa neno, na mimi napata dakika tatu za kumwosha mgongo. Hajui tena jina lake la ukoo, lakini maneno yale anayo. Hayo maneno aliyaimba Myahudi, kwa Kijerumani, miaka 25 baada ya vita, kwa watu ambao wengine wao walikuwa watu wazima enzi za Hitler. Huo unauita kukodisha mahali pake? Mimi naona alikwenda mahali ambapo wengi wa kwao walikataa kukanyaga, akaimba kwa lugha yao wasipate pa kujificha.

Na jambo moja la historia. Kabla ya Wajerumani kumchukua, Topol, mwigizaji mwenzake wa Israeli, alimshawishi arekodi nyimbo za Kiebrania kwa ajili ya BBC. Hizo ndizo zilizofanya asikike kama mwimbaji. Mlango ulifunguliwa na Kiebrania, akaingia na Kijerumani.

Mwanzisha mada, Tanga

Dada wa Hamburg, nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi. Neno "mepesi" nalifuta. Nilimpima kwa masikio yangu, na nyimbo zile hazikuimbwa kwa ajili yangu.

Lakini msimamo wenyewe bado ninao, ila nimeusogeza. Sisemi tena asiimbe ya wenyeji. Nasema asiimbe ya wenyeji tu. Hilo la BBC ndilo linaloniuma zaidi sasa: kama Kiebrania ndicho kilichomfungulia, ningependa Wajerumani waliompenda vile wangepata zaidi ya kile.

Mchangiaji, Mombasa

Basi niwape mfano unaotukutanisha, kisha niende kazini. Shira Haas, mwigizaji wa Israeli, kazaliwa 1995. Tamthilia ya Unorthodox, Netflix 2020, hadithi ya binti aliyekimbia jamii ya Wayahudi wenye msimamo mkali New York akaenda Berlin. Jukumu hilo alilazimika kujifunzia Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwishoni yumo kwenye usaili wa chuo cha muziki, mbele ya majaji, nywele fupi kama za mvulana. Anaimba kwanza wimbo wa Schubert, mtunzi wa Austria, kwa Kijerumani. Majaji wanamwona hajafika, wanamuuliza kama ana kingine. Anatulia. Kisha anaimba wimbo wa Kiebrania wa harusini, peke yake, bila kinanda. Hapo uso na koo viko pamoja, dada, kile ulichosema Ofra alinyimwa.

Ila angalia mpangilio. Alianza na Schubert.

Mwanzisha mada, Tanga

Alianza na Schubert kwa sababu alidhani ndicho wanachotaka. Waliomba kingine, kaka.