Naomba ushauri: tumchague prodyuza yupi kwa albamu yetu ya pili?

Wakuu, habari zenu. Bendi yetu ya roki inajiandaa kurekodi albamu ya pili na tumegawanyika kuhusu prodyuza. Mmoja hurekodi bendi nzima ikipiga pamoja chumbani, na baadaye hagusi mengi. Mwingine hujenga wimbo kipande kwa kipande: ngoma kwanza, kisha magitaa tabaka juu ya tabaka, na sauti ya mwimbaji hurudiwa ili ijae.

Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Sikilizeni Nirvana, bendi ya roki ya Marekani: albamu yao Nevermind ya 1991, chini ya prodyuza Butch Vig, imenyooka na kung'aa, lakini In Utero ya 1993, aliyoirekodi Steve Albini, ni kavu na ngoma zake zinagonga kifuani. Na wapigaji ni walewale watatu!

Mimi naegemea wa kwanza, maana nguvu yetu iko jukwaani. Mwimbaji wetu anahofia nyimbo za polepole zitapwaya, na kwa kweli ana hoja.

Mliopitia haya, mlimpa prodyuza ruhusa ya kubadili mpangilio wa nyimbo? Na je, mmoja anaweza kurekodi, mwingine akafanya miksi (kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa), bila albamu kupoteza mwelekeo?