Kurekodi kuanguka kwa wazee dhaifu: daftari, kalenda, simu au saa ya mkononi?

Nesi_Muheza
Salaam wadau. Tulinganishe njia za kurekodi wazee wanavyoanguka. Nazungumzia walio dhaifu tayari: wanatembelea mkongojo, wanaamka usiku mara mbili tatu kwenda chooni, wanameza dawa tano au zaidi. Wako wa aina mbili, wa makazini, yaani kwenye makazi ya kulelea wazee (tuseme wazee 22), na wanaolelewa nyumbani na watoto au wajukuu. Njia ipi inashika matukio mengi bila kumchosha mlezi?

Fizio_Pwani
Kabla ya njia, kubalianeni mnahesabu nini. Maana ambayo watafiti wengi wameishika tangu 2005 ni hii: tukio lisilotarajiwa linalomfanya mtu ajikute chini, sakafuni au mahali pa chini zaidi ya alipokuwa. Habari ya kuumia haimo kabisa. Mzee aliyeporomoka polepole kutoka kitandani hadi mkekani ameanguka. Aliyeyumba akadaka ukuta hakuanguka. Mwandikeni pembeni, "nusura".

Halafu kuna lugha. Muulize bibi "umeanguka?" atakataa, maana kwake kuanguka ni kifafa, au ni jambo la kukimbizwa hospitali. Atasema "nimeteleza tu" au "nilikaa chini kidogo". Swali liwe: "Tangu mwezi uanze, umewahi kuteleza, kujikwaa au kuanguka ukajikuta chini?"

Karani_wa_Namba
Kwa walio nyumbani, kalenda pamoja na simu. Ukurasa mmoja kwa mwezi, kila siku na kisanduku chake. Jioni mlezi anaandika H (hakuanguka) au A (ameanguka). H ndiyo yenye kazi kubwa: kisanduku kitupu si sifuri, ni siku usiyoijua. Ifungeni na jambo ambalo halikosekani nyumbani, kama dawa za usiku au swala ya Isha. Mwisho wa mwezi ukurasa unakusanywa, na kila penye A mnapiga simu kuuliza undani kabla haujafutika kichwani.

Simu peke yake ni nafuu, ila inategemea kumbukumbu. Kadiri unavyouliza habari za nyuma zaidi ndivyo yanavyopotea yasiyoacha jeraha. Swali la "mwaka jana uliwahi kuanguka?" linafaa kuchuja nani yuko hatarini, kuhesabu halifai. Na kwa mzee aliyeanza kusahau, simu aipokee mlezi.

Kasoro ya kalenda: kujazwa yote tarehe 30. Utaitambua. Wino mmoja, H zimelala upande uleule, karatasi safi haina hata alama ya kidole cha mafuta. Dawa yake ni picha ya ukurasa kwa WhatsApp kila Ijumaa.

Mama_Zamu
Makazini kalenda ni kazi bure, tumieni daftari la matukio, moja tu, likae meza ya zamu. Safu zake: saa, mahali, alikuwa akifanya nini, miguuni alivaa nini, taa ilikuwa inawaka?, alikaa chini muda gani, kichwa kiligonga?, dawa mpya au kipimo kilichobadilishwa wiki mbili zilizopita.

Kama hakuna aliyeona, andikeni "alikutwa sakafuni mlangoni mwa choo". Msiandike "aliteleza chooni". Hiyo ni hukumu, na kesho mtanunua mikeka ya mpira wakati kilichomwangusha ni kizunguzungu. Muda wa kukaa chini msiuruke; aliyeshindwa kuinuka saa nzima yuko hatari kubwa hata kama hana mchubuko.

Na likitumika kutafuta wa kulaumiwa, halitaandikwa. Mtapata mwezi wenye sifuri na mzee mwenye nyonga iliyovunjika.

Fundi_Vihisi
Saa za kugundua anguko (Apple Watch inayo tangu Series 4 ya 2018) hutafuta mtikisiko mkali, kisha utulivu. Kwa hiyo anayeporomoka taratibu akiwa ameshika shuka haonekani, na anayejibwaga kitini anaweza kupigiwa kengele. Huvuliwa wakati wa kutia udhu na kusahaulika kando ya ndoo. Nyingi zinataka chaji kila siku au mbili, na watu huzichaji usiku, saa zilezile za safari za chooni. Chajini wakati wa chai ya asubuhi, mzee akiwa ameketi na watu.

Mkeka wa kengele kando ya kitanda msiuweke kwenye ulinganisho. Unarekodi kuamka, haurekodi kuanguka.

Nesi_Muheza
Basi makazini daftari, nyumbani kalenda na simu. Nitalinganishaje miezi wakati idadi ya wazee inabadilika?

Karani_wa_Namba
Kwa siku-mzee, yaani mzee mmoja akiwepo siku moja. 22 × siku 30 = 660. Watatu wamelazwa hospitali siku 5 kila mmoja? Toa 15, zinabaki 645. Matukio 4 ÷ 645 × 1000 = 6.2 kwa kila siku-mzee 1000. Kando yake andika idadi ya watu: matukio 4 ya watu wanne si sawa na 4 ambayo 3 ni ya babu mmoja. Huyo hahitaji takwimu, anahitaji kupimwa.

Fizio_Pwani
Na kipimo cha kwanza ni presha: alale dakika 5, pima, asimame, pima dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, pelekeni daftari kwa daktari pamoja na orodha ya dawa. Aliyegonga kichwa naye anatumia dawa ya kulainisha damu kama warfarini aende hospitali siku hiyohiyo, hata akisema yuko salama.

Fundi_Vihisi
Jambo moja mliloliruka: jinsi ya kuandika saa ya tukio. Mlezi anaandika "saa 4", simu inaandika 22:00. Ni saa nne usiku, lakini karani anaisoma 04:00, na tukio moja linakuwa mawili. Ukisoma safu hiyo utadhani wanaanguka alfajiri, utabadilisha zamu bure. Andikeni kama simu inavyoonyesha, au msiache kamwe neno "usiku" au "asubuhi".

Mama_Zamu
Kweli. Naongeza safu.