Oulu, Finland: saa tisa mchana giza, watu kimya. Nyie mlizoeaje?

Binti_Mgeta

Habarini ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Niko Oulu, kaskazini mwa Finland, nilikuja mwisho wa Agosti kusoma masters. Yani ile nafika palikuwa pazuri mno, jua linazama karibu saa tatu usiku, watu wanaendesha baiskeli kando ya mto, nikasema hapa nimefika. Sasa ni mwisho wa Novemba, naenda darasani giza, natoka saa tisa mchana giza. Baridi wala sio tatizo langu, mi nimekulia Mgeta, baridi naijua, tena huku ndani ya nyumba kuna joto kuliko kwetu. Kinachonimaliza ni watu.

Wiki ya kwanza nilipanda basi viti vingi vitupu, nikaona mama mmoja mtu mzima kakaa peke yake dirishani, nikaenda nikakaa pembeni yake nikamsalimia. Akanitazama, akaukumbatia mkoba wake, mara akainuka akahamia kiti cha nyuma. Hakushuka, alihama. Mpaka leo nikipanda basi nasimama. Jirani yangu wa mlango wa pili nasikia anasubiri ndani kwake mpaka nimalize kupita kwenye korido ndo anatoka.

Afu juzi nilishuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo, nikaweka nguo kwenye mashine nikapanda juu kupika. Narudi nakuta nguo zangu zimetolewa zote mbichi zimelundikwa kwenye benchi na juu yake kuna karatasi, nikaipiga picha simu ikatafsiri "hii ilikuwa zamu yangu". Nikakaa palepale chini nikalia na khanga yangu inachuruzika mkononi. Mama akipiga namwambia niko vizuri, na mi sijazoea kumdanganya mama yangu.

Naombeni walioishi huku mniambie ukweli, wananichukia au ndo walivyo? Na hili giza mnalivukaje?

Mwana_wa_Kisauni

Pole sana dadangu. Mimi mtu wa Mombasa, niko Tampere mwaka wa tisa sasa, natunza wazee. La basi nikutoe hofu kabisa. Huku kama kuna kiti kitupu kwengine mtu haketi ubavuni mwa asiyemjua, hata wao kwa wao, kumwachia mtu nafasi yake ndiyo heshima. Yule mama alishtuka tu, pengine hata aliona haya. Wazee wangu wa rika lake wameniambia wenyewe kwa midomo yao. Na jirani asiyetaka kukutana nawe kwenye korido, hilo hata Wafini wenyewe hulisema juu yao.

La nguo, angalia ukutani au mlangoni mwa hicho chumba, kuna karatasi ya siku na masaa, zamu yenyewe yaitwa pyykkivuoro, waandika namba ya nyumba yako kwenye saa unayotaka, majengo mengine mwabuki kwa simu. Ukishaandika, saa hiyo yako, hakuna wa kukugusa. Sauna ya jengo nayo ni zamu vilevile.

Giza usilichukulie rahisi hata kidogo. Desemba ikifika katikati, hapo Oulu jua latoka kama saa nne na nusu lazama saa nane, masaa matatu na nusu basi, na mawingu yakitanda hata hayo huyaoni. Tafuta taa ya mwanga mkali, ile ya luksi 10,000, waiita kirkasvalolamppu, iweke mezani kila asubuhi unywe chai mbele yake nusu saa, lakini sio usiku, utakosa usingizi. Vitamini D mikrogramu 10 kila siku, usiache. Saa sita mchana toka nje hata kama huna pa kwenda. Na vaa heijastin, kile kidude kinachong'aa cha kuning'iniza kwenye koti, ni sheria, na wewe na koti jeusi gizani dereva hakuoni kabisa. Ukiona hulali, huli, huamki kwenda darasani, nenda YTHS, ndiyo afya ya wanafunzi, usingoje uzidiwe.

Halafu jifunze Kifini dadangu, usitosheke na Kiingereza. Sisi Waswahili chatufaa, chasomwa kama kilivyoandikwa, hän ni kama yeye yetu, haina mume wala mke, na wao kama sisi huongeza kitu mwisho wa neno, talo ni nyumba, talossa ni nyumbani, yaani ndani ya nyumba. Neno lao "sana" maana yake ni neno. Siku nilipowaambia wazee maana yake kwetu walicheka mpaka chai ikapoa, na kuna bibi mmoja wa miaka 91 tangu siku hiyo nikimpelekea dawa huniambia "kiitos sana", kiitos ni asante.

Kipepeo_Helsinki

Nakubaliana na Kisauni ila tusimfiche mdogo wetu, ubaguzi nao upo. Mi nishatukanwa kwenye treni usiku, na hilo sio utamaduni wa ukimya, ni tusi. Ujue kutofautisha. Akikuhama kwenye kiti achana naye, akikutukana au kukunyima nyumba au kazi kwa rangi yako andika siku na saa, ripoti polisi, na upo mlango wa Yhdenvertaisuusvaltuutettu, ofisi ya serikali inayoshughulikia ubaguzi, jina refu lakini kazi yao ndo hiyo.

Mama_Uvira

Binti yangu pole sana. Miye niko hapahapa Oulu, tulikuyaka 2012 na batoto bane kutoka kambi ya Uganda. Mwaka wa kwanza nililia kuliko wewe. Minakuambia kitu moya, hapa mutu hakuwe rafiki yako juu umemusalimia, anakuwa rafiki juu munafanya kitu pamoja, kila juma, fasi ileile. Miye nilianzaka kwenda kwa sauna ya bamama ya jengo letu, kila siku ya tano, Ijumaa. Miezi mbili kimya. Siku moya mama moya akasogea, akaniachia fasi ya juu, akaniuliza kama batoto balipata viatu vya baridi. Kesho yake akaleta viatu jozi tatu mbele ya mulango, akapiga kengele akaenda zake, hata asante hakungojea.

Bakiita talkoot pale jengo lenu, kusafisha lupango, kiwanja ya jengo, ende, ile njo salongo yao, kazi ya bote pamoja. Na tarehe 6 Desemba ni uhuru wao, utaona mishumaa mbili kwa kila dirisha, weka na weye. Samaki yao muikku, ndogondogo, kaanga kabisa na ugali wa polenta, utasahau dagaa kidogo.

Binti_Mgeta

Jamani asanteni, nimesoma zote nikiwa kitandani. Nimeshuka muda huu, karatasi ipo kweli nyuma ya mlango, nimeandika A 14 Jumatano saa kumi na mbili jioni. Mama Uvira shikamoo, sikujua hapa mjini kuna mtu anaongea Kiswahili. Hiyo taa ni bei gani? Hela ya mwezi huu imebaki kidogo.

Mama_Uvira

Marahaba. Usinunue taa. Ya binti yangu iko hapa, alihamiaka Turku hakuibeba. Siku ya posho, Jumamosi, kuna ugali, kuya uichukue.